Risiti ya Mwaloni

Imekunjwa mara nne ndani ya kopo la maziwa ya unga,
miaka kumi na moja, na bado inanuka dagaa:
magunia, ushuru, makuli, jumla
shilingi 510,510.
Mwandiko ni wa shangazi Mbuke,
sufuri zimekazwa kama midomo ya magunia.

Mimi nafundisha hesabu Nyakato, darasa la saba B.
Namba haipiti mbele yangu nikaiacha.
Nikavuta kigoda, nikaipasua
kama sangara, kuanzia tumboni.

Mbili ikatoka. Tatu. Tano.
Saba haikusumbua.
Kumi na moja, kumi na tatu,
na chini kabisa, kumi na saba.
Basi. Hakuna mfupa mwingine.
Namba tasa saba za mwanzo, zimepanga foleni,
hakuna iliyorukwa,
hakuna iliyoingia mara mbili.

Tasa.
Neno hili nalifundisha kila Januari
na kila Januari kuna anayecheka nyuma ya darasa.
Neno hili lilimfuata shangazi kutoka Misungwi
hadi kwenye vichanja vya Kirumba:
kwa mawifi, kwa mganga,
kwa mume aliyeondoka na redio.
Na hapa mezani, saba tasa
wamezaa nusu milioni na chenji.

Igawe kwa nne, zinabaki mbili.
Kwa tisa inagoma, zinabaki tatu.
Lakini waje watu kumi na watatu,
kila mmoja ataondoka na 39,270
bila kugombania senti.
Vigawo mia moja ishirini na nane!
Umeme ulikatika nikiwa kwenye cha arobaini;
nikaendelea kwa tochi ya simu.

Ndipo nikaona: 714 mara 715.
Majirani, mlango kwa mlango.
Huyu ana mbili, tatu, saba, kumi na saba.
Yule ana tano, kumi na moja, kumi na tatu.
Hawachangii hata kidole.
Jumlisha huku: ishirini na tisa.
Jumlisha kule: ishirini na tisa.

Kulwa na Doto.
Mama alipotuacha, shangazi alitubeba,
mmoja mgongoni, mmoja kifuani, beseni kichwani.
Doto ni mimi. Kulwa anaunda mitumbwi Ukerewe,
na hatujaongea tangu tugawane kiwanja chake,
mgawanyo ule uliobakiza.

Nikampigia. Saa sita usiku.
Nikamweleza yote, tasa kwa tasa.
Akanyamaza; nikasikia mbwa wake, nikasikia maji.
"Umelewa?"
Hapana.
"Hizo pesa zilikuwa za nini?"

Nikageuza karatasi.
Nyuma, kwa penseli, pamefifia:
ada, watoto wangu wawili.
255,255.
255,255.