Mpini Kwanza

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Hawakusema lolote kuhusu mpini.

Mimi mashine ya kiwandani iliniachia vidole vitatu
mkono wa kulia: gumba, cha shahada, cha kati,
na barua ya ukurasa mmoja yenye mhuri.
Tangu hapo kila kisu nilichonunua Kibuye
kiligeuka mkononi kama kambare,
kikatazama upande asiokuwepo mbuta.

Basi nikaacha kununua. Nikaanza kuchora.

Kwanza kwenye boksi la sabuni, kwa makaa.
Niliulaza mkono, nikauzungushia mstari;
penye pengo makaa yakasita,
nikayasukuma.
Nikakata kwa makasi ya Peres, mshonaji wa ng'ambo ya mtaro.
Lakini boksi halina unene.
Boksi halijui kiganja.

Usiku ule ugali ulibaki.
Nikautwaa ungali vuguvugu, nikaukaza
kama ninavyokaza nikifika mfupa wa shingo,
nikahesabu hadi ishirini, nikaachia.
Huo hapo mpini wangu:
bonde la gumba, na kilima
kilichojaza ile nafasi ninayoificha
kwenye mfuko wa aproni.
Sikuwahi kuiona ikiwa imejaa.
Asubuhi kuku wa jirani alikuwa amekula nusu.
Sikumlaumu. Mkono ulikuwa umeshajua.

Nikaomba tawi la mpera kwa mama mkwe, Kajulu.
Nikachonga kwa kigae cha chupa, nikasugua kwa msasa,
siku kumi na moja, kila nilipomaliza kukaanga migongo-wazi,
Obunga yote ikinuka mafuta, nami nikinuka mpera.
Kilima kikubwa mno: punguza.
Ubapa mrefu mno: usipite
mbavu za mbuta wa kilo tatu.
Ogweno, mwanangu, akakata nacho hewa mlangoni, akasema
hakina makali.
Nikamwambia makali ni kazi ya mwenye moto.
Yangu ni kujua panapouma.

Fundi Lutomia alikipokea katikati ya kelele,
akakigeuza, akacheka:
"Mama, umeniletea mwiko?"
Wakacheka na wenzake, wa masufuria, wa majiko.
Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko.
Sikuwa nimejiandaa kwa kilichofuata:
alikishika vizuri ili anirudishie,
na hakikumkaa.
Akajaribu tena.
Akakunja kidole cha mwisho.
Akakunja cha pete.
Kikatulia.

Alisimama hivyo kitambo, vidole vitatu
juu ya mti wangu,
nyundo za wengine zikiendelea na bati zao.
Hakuniuliza ni mashine gani.
Aliuliza, "Springi ya lori, au msumeno wa zamani?"
Nikasema msumeno; unapinda, unafuata mbavu.
"Na hiki kitako, nikizidishe kidogo?"
"Kisizidi. Hapo ndipo ninapoegemea."
Akaandika kwa chaki ubavuni mwa fuawe:
KISIZIDI.

Hakikuzidi.

Ule wa mti hakunirudishia.
Aliufunga waya, akautundika juu ya mvukuto,
ukashika masizi kama mwenyeji.
Mteja akiuliza bei, husikika akijibu
huo hauuzwi, huo ni mkono wa mtu.

Na jana Risper, shemeji yangu,
ambaye miaka minne alinikatia samaki
huku akinihurumia kwa sauti,
alikiazima kisu changu bila kuniomba,
akapasua mmoja, akakirusha mezani:
"Kibaya hiki! Kinachoma kiganja,
nani alikutengenezea kitu kama hiki?"
Nikacheka, nikacheka,
hadi migongo-wazi ikaniungulia karaini.