Hesabu ya Nabuyole

Mia nane kwa kichwa, alisema Namalwa,
na ziwe zimeingia kwa simu kabla ya Ijumaa.
Alikuwa na daftari la miraba, ng'ombe kwenye jalada,
na kalamu nyeusi aliyoifunga kwa uzi
tusije tukaiazima.

Tulikuwa watano. Jeruto alileta sufuria.
Odeny, spika yenye nusu ya sauti.
Mimi, blanketi la mama, kwa kiapo.
Sitati alikuja mikono mifukoni,
akicheka kabla ya mzaha.

Tulitoka Kakamega saa kumi alfajiri
katika gari la mikate la binamu yake Odeny,
tumeketi sakafuni kati ya kreti,
na sharti lilikuwa moja: msiguse.
Kilomita arobaini na kitu za harufu.
Kufika Lubao, Jeruto amenyamaza kama anayesali.
Kufika Malava, tunaitafuna hewa.

Webuye, shangazi yake Namalwa alitupa sebule
na magodoro mawili.
Dirishani, bomba la kiwanda cha karatasi, halina moshi.
Sitati alilitazama muda mrefu.
"Hata hilo," alisema,
na hakumalizia.

Njiani kuelekea mtoni, mtoto akachomoza kwenye mahindi,
miaka kumi hivi, panga refu kuliko mguu wake.
Hamsini kila mtu, akadai.
Odeny: kwani maji ni yenu?
"Maji ni ya bure. Njia ndiyo inayolipiwa."
Tukapatana mia kwa wote, na andazi.
Namalwa akaandika: Njia, 100. Andazi, 10.

Kisha tukasikia.
Nilidhani ni lori linapanda mlima,
lori lisilofika.
Miti ikaisha, na Nzoia ikaanguka mbele yetu,
rangi ya chai ya shule,
nzito, imebeba mabua, ndara moja ya kijani,
udongo wa mashamba ya watu wa juu.
Si ule weupe wa kalenda.
Huu ulikuwa mto wa kazi.

Tukakaa kwenye jiwe, bega kwa bega,
manyunyu yakilowesha mahindi mikononi.
Hapo ndipo Sitati alipozungumza.
Niliona midomo. Niliona mkono ukikata hewa
kama wa mtu anayekata muwa,
na alikata muwa miaka minne
mpaka asubuhi aliyokuta lango la kiwanda lina mnyororo.
Alisema kwa muda wa kumaliza hindi zima.
Maji yaliyameza yote.
Jeruto akatikisa kichwa kukubali. Sote tukatikisa.
Hakuna aliyemwambia arudie,
na mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma
au woga.

Alipomaliza alivua shati akalikamua,
ingawa hakuwa ameingia majini.

Usiku ugali, mrenda, na kuku mmoja.
Paja la kwanza alipewa shangazi.
La pili kila mtu alilikataa kwa adabu
mpaka Odeny akakosa adabu.

Jumapili, Namalwa akiwa anaoga,
daftari lilikuwa godoroni. Sikupekua. Lilikuwa wazi.
Majina matano, tiki tano.
Nne nyeusi.
Ya Sitati ilikuwa ya bluu, ya kalamu nyingine,
imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.
Na chini kabisa, *Nauli ya kurudi, Namalwa*,
mstari umepita juu yake.

Alituambia atabaki kwa shangazi siku mbili tatu,
eti mguu unamsumbua.
Jana yake alikuwa ameruka mawe kama mbuzi.

Alitusindikiza hadi langoni, akatuhesabu kwa kidole
kana kwamba tungeweza kupungua.
"Imebaki thelathini," akasema. "Kuna anayenidai?"
Odeny akacheka. Jeruto akakumbatia sufuria.
Sitati aliangalia viatu vyake,
bado vina udongo wa watu wa juu.

Nami nilitaka kusema kitu, nikafungua kinywa,
lakini masikioni mwangu
lile lori lilikuwa bado linapanda.