Pima Kwanza

Miaka kumi na tisa nafundisha umeme
chuo cha ufundi, Malindi, barabara ya Ganda,
karakana ya bati yenye feni tatu:
moja yazunguka, moja yatetemeka,
ya tatu tumeiacha ilivyo, iwe somo.

Nilidhani nafundisha.
Usiku mezani, kalamu mbili nyekundu,
dawa ya mbu ikifuka miguuni,
nachora mzunguko hadi kila mstari unyooke.
Asubuhi naumwaga ubaoni
nao wanaunakili wote, na makosa yangu ndani.
Mwaka mmoja mkono uliteleza,
"ukinzani" ukawa "ukinsani".
Muhula ulipokwisha, karatasi thelathini na nne
zikanirudia na "ukinsani" wangu,
mwandiko safi, bila kufuta.
Nimkate maksi nani?

Kulikuwa na Tsofa, mtoto wa Kakuyuni,
aliyenyoosha mkono wiki ya pili:
"Mwalimu, huu umeme tunaouandika,
kwetu utafika lini?"
Nikamwambia, fungua ukurasa wa sita.
Ndiyo. Hilo ndilo jibu nililompa.
Karo ikamshinda kabla ya Desemba.
Sasa yuko jikoni kwa Mtaliano mmoja, Casuarina,
na nimemsikia kwa masikio yangu
akibishana na mwenye nyumba juu ya bei ya jibini,
Kitaliano kinamtiririka, mikono nayo inasema.
Lugha nzima kaibeba kichwani
bila ubao, bila kengele, bila mtihani.
Nami kwenye ripoti yake niliandika:
Mzito wa kuelewa.

Halafu Julai hii, Jumamosi,
bomba la jikoni likaanza kuniuma vidole.
Nikamwita fundi anayesifiwa sokoni,
akaja na pikipiki, ngazi fupi imefungwa nyuma.
Alipovua kofia, kumbe Mbeyu.
Mbeyu Kitsao, niliyemwangusha mara mbili.
"Shikamoo, mwalimu."
"Marahaba," nikasema, nami natafuta pa kuweka macho.

Nikafungua kisanduku cha swichi mwenyewe,
nikanyoosha kidole: "Huu wa kijani ndio wa ardhi,"
kwa sauti ile ile ya darasani.
Akanishika kifundo cha mkono.
"Usiguse. Waya hauaminiwi kwa rangi yake.
Pima kwanza."
Akaweka testa juu ya kijani.
Ikawaka.

"Nani alikufungia hapa?"
Nikaitazama kalenda ukutani.
"Mimi."
Hakucheka. Heri angecheka.

Alikaza, akakata, akafunga upya,
saa moja na nusu, simuoni akihema.
Nikamuuliza, kauli ile umeitoa wapi?
"Kwako. Siku ile ulipotewa na funguo za kabati,
ukawa unajipapasa mifukoni
huku unasema, wala hukutuangalia."

Sikumbuki.
Nakumbuka michoro yote, na rangi za chaki,
nakumbuka ukurasa wa sita.
Siku hiyo siikumbuki.

Akaandika risiti: elfu moja na mia nane.
Hakunipunguzia hata shilingi.
Nikalipa, na moyoni nikamshukuru kwa hilo
kuliko kwa bomba.

Jumatatu, kipindi cha kwanza,
yule kijana wa safu ya nyuma, Mwadzombo,
amelaza kichwa juu ya daftari kama kawaida.
Kalamu ilikuwa tayari mkononi,
neno tayari kwenye kalamu.
Nikapita katikati ya madawati,
wenzake wakanyamaza wakingoja moto.

"Jana ulilala saa ngapi?"
Akafuta mdomo kwa kiganja.
"Sijalala, mwalimu. Nalinda duka Mtangani
mpaka saa kumi na mbili. Halafu naja."

Feni ya pili ikatetemeka.
Nikavuta kiti.