Mtu wa Sarafu Nne

Mama Ngalula wa Kamalondo hatandiki kitambaa.
Anafuta meza kwa kiwiko, ananusa kidole,
anauliza: "Falanga umeshika?" Nimeshika.
Karata zake aliachiwa na mjane wa Kigiriki
aliyefunga duka la mikate mwaka ule wa uporaji.
Moja ilipotea; akakata kartoni ya bia,
akaichora kwa biki: Kaisari, ndevu na kiti,
na mgongoni mwake bado unasoma nusu ya neno.

Mie nilikuja na jina tayari mdomoni.
Kisimba. Kaka yangu, mtoto wa pili wa Papa Monga
aliyeyeyusha shaba miaka thelathini na miwili
akatuachia nyumba ya Katuba, mabati kumi na nane.
Mabati sita hayapo.
Mvua inaingia chumba cha wavulana.
Nilitaka karata iseme, niende nayo nyumbani
kama mtu anayekwenda na polisi.

Akachanganya. Nikakata kwa mkono wa kushoto.
Ya kwanza akailaza katikati, polepole:
mtu ameketi, sarafu moja juu ya kichwa,
moja ameikumbatia kama mtoto mwenye homa,
mbili kazikanyaga. Nyuma yake mji mzima
wala hauoni; akigeuka, ile ya kichwani itaanguka.
Nikacheka. "Njo yeye! Njo Kisimba, na viatu vyake vile."

Ngalula hakujibu. Akaendelea kutoa.
Tisa ya vikombe: bwana mnene, mikono kwapani,
anatabasamu, vikombe vimepangwa nyuma yake.
Shemeji Mwamba, nikasema, yule wa msibani,
aliyekula michopo sahani mbili
kisha akauliza nani atamrudishia nauli.
Saba ya panga: mwizi ananyata, shingo nyuma.
Kyungu, nikasema. Anaazima, halafu anahama mtaa.
Mpanda farasi, mzuri, kikombe mbele kama sadaka.
Binamu Fulgence, anayeniita "dada wa damu" kila akiishiwa.
Kaisari wa kartoni akaja kichwa chini.
Huyo nikamtaja kwa sauti ndogo:
Papa, aliyeweza kugombana na nyumba nzima juu ya chumvi.

Nilikuwa hodari. Kila uso niliupa mwenyewe wake.
Meza ikajaa jamaa zangu kama picha ya arusi,
mie tu sipo; labda ndiye niliyepiga picha.

"Umemaliza?" Ngalula akauliza.
Kwa jirani mtu alikuwa anakaanga samaki.
"Karata ya kwanza ni ya mwenye kuuliza.
Hata yule Mgiriki alifanya vile.
Ya kwanza njo weye."

Nikamwambia amechanganya vibaya.
Akasema kuchanganya tena ni falanga ingine.
Nikadai chenji yangu, mia tano,
nikaigeuza mbele ya taa kuona kama imechanika.

Nilirudi kwa miguu kandokando ya reli.
Ule mlima mweusi wa taka za shaba
ulikuwa mweusi kuliko usiku wenyewe,
na bomba la moshi limesimama pembeni, halina moshi.
Nilitembea shingo wima, sikuangalia kando.
Nilikuwa karibu na nyumbani nilipogundua hivyo,
nikajaribu kulegeza shingo, ikakataa.

Kisimba alikuwa ameandika kwenye simu:
amepata mabati mawili, ya zamani lakini mazima,
kesho asubuhi anatafuta mtu wa kushika ngazi.
Mabati mawili. Na yale sita? Hakusema.
Nikaandika: nimeamka na mgongo.
Nikafuta "nimeamka," maana ilikuwa bado usiku.

Kisha nikapiga magoti, nikavuta sanduku chini ya kitanda:
vitenge vya Mama, ambavyo siku ya kugawana
nilisema panya wamekula.
Umeme ulikuwa umekatika, nikahesabu kwa vidole,
pindo kwa pindo, harufu ya nondo ikinijaa puani.
Vyote sita vipo.