Nyuzi Thelathini na Moja

Saa kumi na moja alfajiri, Thunder Bay.
Theluji kavu inalia chini ya buti
kama unga wa muhogo ukifinywa guniani.
Nageuza ufunguo.

Mazda inaamka kama mlevi aliyemwagiwa maji:
inashtuka, inatukana, inatikisa mabega,
usukani wanitetemekea viganjani,
sailensa inakohoa, inameza kikohozi, inakohoa tena.
Halafu dakika nne, nimezihesabu, nne,
inatulia na kunguruma kama gari la mtu mwingine.
Ukiiwasha mchana utadhani naisingizia.

Nilianza na betri, kama waanzavyo wote.
Dola mia na themanini.
Starta ikapata nguvu, na mtetemo ukabaki palepale.
Nikaja kwenye plagi. Nikazipanga jikoni juu ya gazeti,
nne, kavu, rangi ya biskuti,
meno ya mtu asiyevuta sigara.
Sikuwa na sababu ya kuzibadilisha.
Nikazibadilisha.
Nikatia dawa ya injekta kwenye tangi, nikakagua koili,
nikanusa kijiti cha oili
kama mama mkwe anusavyo mchuzi wa bibi harusi.
Maji ya rejeta hayakupungua hata tone.

Kule ghala la nafaka ninakofanya kazi
yupo Aila Rautio, fundi wa mikanda,
husikia beringi mbovu akiwa ghorofa ya pili.
"Ni likiwa baridi tu?"
"Likiwa baridi tu."
"Basi weka spana chini. Liulize kwanza."
Akanipa kifaa, kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia.
"Usiku usilichomeke kwenye umeme. Asubuhi usome kabla hujawasha."

Nikalala vibaya. Nikaamka, nikasoma.
Nje: hasi ishirini na sita.
Maji ya injini: thelathini na moja.

Thelathini na moja!
Theluji juu ya boneti inafika kiwiko,
na humo ndani kidude cha shaba, hakizidi kidole gumba,
kinaapa kwamba ni adhuhuri ya Kondoa.
Na kompyuta, isiyo na ngozi wala macho, inaamini,
inapima petroli ya gari lisilosikia baridi,
kijiko mahali pa kikombe,
na injini inatetemeka kwa njaa
ambayo hakuna aliyeambiwa.

Mchana, kwao ikiwa saa mbili usiku, mama akapiga.
"Huko baridi imezidi?"
"Kawaida tu, mama. Koti linatosha."
Mkono mmoja ulikuwa na simu,
wa pili ndani ya sufuria ya maji vuguvugu,
vidole vikirejewa na uhai, vikichoma.
"Mficha maradhi," akasema,
hakumalizia. Methali zake huzikata hivyo:
anakupa kichwa, mkia utautafuta mwenyewe usiku.

Sensa mpya, dola ishirini na saba.
Tuliifunga gereji kwa Aila, spana namba kumi na tisa,
maji ya kijani yakanimwagikia mkononi, yananata.
Ilichukua muda mfupi kuliko chai tuliyokunywa baadaye.
Usiku nikaliacha gari nje, uchi.

Asubuhi: hasi ishirini na nane angani,
hasi ishirini na saba kwenye injini.
Nikageuza ufunguo. Ikawaka mara moja,
ikapanda juu kwa sauti, bila aibu,
gari lenye baridi linalojua lina baridi.

Sensa ya zamani iko dirishani jikoni, karibu na chumvi.
Sijui kwa nini sijaitupa.
Leo Jumapili. Saa sita mama atapiga.
Nje ni hasi thelathini,
na bado sijajua nitasoma ngapi.