Bati la Biskuti

Alhamisi, saa nane mchana, maktaba ya Harthwaite
hufunguliwa mlango wa nyuma. Mvua huingia kwanza,
kisha Doreen Sugden na kigari chake cha magurudumu mawili,
na ndani yake mji mzima umelala chali
katika bati la biskuti lililoota kutu pembeni.

Kazi yangu mimi ni glavu na skana.
Nainua picha kwa ncha za vidole
kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto,
naigeuza mgongo, nasoma kalamu ya risasi:
Wafumaji, zamu ya usiku.
Mafuriko, Mtaa wa Daraja. Mbuzi ni wa nani?
Harusi. Bibi harusi hajulikani.

Hajulikani, hajulikani.
Neno hilo nimeliandika mpaka mkono umelizoea,
na kila nikiliandika naona haya kidogo,
kama aliyemkanyaga mwenzake gizani akapita.

Hapa palikuwa na viwanda tisa vya sufu.
Kimebaki kimoja, nacho kimegeuzwa nyumba za kupanga;
bwawa lake lina bata, na toroli la duka limezama nusu.
Clifford na Hedley huja kubishana
mwaka lilipoangushwa dohani la Kiwanda cha Chini.
Huyu anashikilia sitini na nane, yule sabini,
wote wameapa, wote walikuwepo.
Picha haimsaidii yeyote.
Ndani yake dohani limekatika kiuno,
matofali yameshaachana ila hayajajua,
na umati chini umeachama vinywa.
Miaka hamsini na kitu linaanguka.
Halijafika.

Wiki iliyopita tulifungua bamba la kioo
lililoviringishwa gazeti lenye bei za mkaa.
Wasichana thelathini mbele ya lango,
aproni, viatu vya mti,
mikono imekunjwa kama walivyoagizwa.
Zama hizo lenzi ilikuwa nzito kuona:
usitikisike mpaka mpiga picha amalize kuhesabu.
Ishirini na tisa walitii.
Wa tatu kutoka kushoto ana miguu, ana aproni,
na pale penye uso
pana wingu.

Nikachukua kalamu. Nilishafika "haju"
Doreen akanishika mkono.
Akavua miwani, akaipangusa kwa skafu,
akaivaa, akaivua tena, akaviinamia viatu.
Cha kulia kimefungwa kwa kamba ya katani,
mafundo mawili, la pili limelala upande.
"Fundo hilo alinifundisha mimi," akasema.
"Mama. Hakuweza kutulia.
Hata kanisani. Hata siku ya kufa
alitaka tumsogezee kabati."

Hatukuongeza neno. Skana ilikuwa inakoroma.
Mali bila daftari, walisema kwetu, na mwisho wake tunaujua;
lakini daftari la mji huu lilikuwa kamba ya kiatu,
na msomaji wake mmoja tu, ana miaka themanini na nne,
na ngazi za maktaba zinateleza.

Nikafuta. Nikaandika: Hannah Greenwood.
Kisha, kwa kuwa nafasi ilibaki: hakutulia.

Tulipokuwa tunafunga, akanisimamisha mlangoni
na kamera ya mjukuu wake, ile inayotema picha papo hapo.
Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na sare ya kazi ya usiku,
viatu vya kusimamia wazee wa watu mpaka alfajiri.
Akaipepea picha mpaka nikaanza kutokea,
kwanza meno, kisha koti, kisha mvua nyuma yangu,
akaigeuza, akaandika kwa mkono wake wa shule ya zamani:
Mwanahawa Sheku, Alhamisi.

Nikamrudishia kalamu.
"Imepungua herufi moja," nikamwambia. "Shekue.
Tukiiacha hivi, kuna wazee wawili
hawajazaliwa bado,
watakuja kubishana."