Mama Kulwa, Kitanda Namba Tisa

"Mama Kulwa!" aliita nesi, macho kwenye faili,
na mimi, mwenye ndevu za siku nne
na grisi ya baiskeli kwenye suruali,
badala ya naam nikaitika: "Abee!"

Wodi nzima ikacheka.
Hata yule wa kitanda cha dirishani,
ambaye mwanawe hajafumbua macho tangu Jumanne,
alicheka, kisha akajifuta kwa pindo la khanga.

Mke wangu yuko Igalula, amejifungua juzi.
Tulianza na pacha, Kulwa na Doto;
huyu mchanga ni Shija, jina lilimtangulia duniani.
Shija ananyonya. Doto analilia mwenzake mlangoni.
Na Kulwa yuko hapa Tabora,
viganja vyeupe kama unga wa muhogo,
sindano imebanwa kwa plasta kichwani.

"Kwa nini mmechelewa?" daktari aliuliza.
Kijana mdogo. Wino umevujia mfuko wa koti lake.
Nilikuwa na mto uliofurika wa kumweleza,
na pancha mbili, na mganga wa kwanza,
na shilingi zilizokuwa bado ziko kwenye tumbaku.
Nikasema, "Samahani."
Saa nne usiku alirudi bila koti,
akashika mguu wa Kulwa, akausikiliza kwa vidole.
"Njia ile naijua," akasema. "Nilikosea kukuuliza vile."
Akaondoka kabla sijapata la kujibu.

Kitanda kimoja, watoto wawili:
Kulwa kichwani, Nyamizi miguuni.
Mama Nyamizi ametoka Kaliua, ana wiki ya tatu.
Alinionyesha bomba lisilokatika maji,
kamba inayopata jua mapema,
nesi wa kumuuliza na nesi wa kumwacha anywe chai kwanza.
Alinifundisha kubeba mgongoni.
Nimefunga robota za tumbaku tangu nina miaka kumi;
"Legeza," akasema. "Robota halipumui."

Damu ilitakiwa, na yangu haikuendana na yake.
Mlinzi wa getini, Ntemi,
yule aliyenizuia siku ya kwanza kwa sababu ya ndoo yangu ya asali,
alikunja shati hadi begani,
akauliza tu kama baadaye kuna soda.
Hakukuwa na soda.
Akarudi getini kufokea wenye pikipiki.

Saa tisa usiku, kule dirishani, mashine ya hewa ilinyamaza.
Hatukujua tulikuwa tunalala kwa mngurumo wake.
Nesi Pelagia hakusema Mungu ametoa, hakusema jikaze.
Alivua viatu,
akakaa sakafuni na yule mama, bega kwa bega,
hadi kengele ya kitanda kingine ilipomwinua.
Akaenda pekupeku.

Kulipokucha kitanda kikapanguswa kwa maji ya dawa.
"Mama Kulwa, hamia pale, mpate nafasi."
Na mashine ikawashwa tena, kwa kifua cha Kulwa.
Sikushukuru. Sikukataa.
Chini ya godoro nilikuta kijiko cha plastiki, cha kijani,
kimekauka uji.
Nilikiosha. Sikujua kingine cha kukifanyia.

Siku ya kumi na moja Kulwa aliomba asali.
Aliomba kwa hasira, kama mwenye mali,
na Mama Nyamizi akapiga kigelegele
mpaka wodi ya jirani wakaja kuuliza ni harusi ya nani.

Tuliruhusiwa tukiwa na deni na tarehe ya kurudi.
Nyumbani, Doto alinusa kichwa cha mwenzake,
pale kiduara kilipokuwa kimenyolewa,
akasema kinanuka sabuni ya watu.

Jioni simu ikalia, sauti ya Kaliua:
"Mama Kulwa, mmefika?"
"Abee," nikasema, "tumefika. Nyamizi kaamkaje?"
Mke wangu, Shija kifuani, akainua macho, akaniangalia sana.
Nilitia mkono mfukoni nitoe cha kuelezea,
nikakutana na kijiko.